Jina la Kiingereza kwa gari: lisikilize kwanza likinguruma

Umeuliza jina gani la Kiingereza litaifaa Mini yako ya 1974, ukataja matatu unayoyapima: Winston, Delamere na Elizabeth. Mimi nina Morris Minor 1000 ya 1966, niliyoachiwa na mjomba, na jina lake la sasa ni la pili. La kwanza nilikosea, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

La kwanza lilikuwa hilohilo Elizabeth. Nililipenda, lina heshima, na rangi ya gari ni ile ya majivu inayokaa kizee. Mama mkwe wangu pia anaitwa Elizabeth. Siku moja mezani nikasema Elizabeth amezeeka, gharama zake zimezidi, labda nimuuze. Mama alikuwa amekaa pale pale. Aliweka kikombe chini, hakusema kitu. Kwetu jina la bibi hupewa mjukuu, ndiyo njia ya mtu kurudi nyumbani, na mimi nilikuwa nimelibandika kwenye gari. Nilimwomba radhi jioni ileile na jina likaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya yote, pitia majina ya wazee wa pande zote mbili. Nairobi majina tunayoyaona ya Uingereza ndiyo ya shangazi zetu: Gladys, Florence, Beatrice, Mildred. Walibatizwa hivyo na wanayajibu mpaka leo.

Delamere, jina la lodi mlowezi wa Kiingereza wa enzi za ukoloni, ningeliacha kabisa. Barabara iliyoitwa hivyo ndiyo Kenyatta Avenue ya leo, kama Hardinge Street ilivyogeuka kuwa Kimathi Street na Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Majina yale yaliondolewa kwa sababu. Spea zangu nanunua Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na kila nikilitamka nakumbuka kwamba mwaka 1907 huyo Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Winston nalo, muulize kwanza mzee wa nyumbani kwenu. Hali ya hatari ilipotangazwa hapa Oktoba 1952, waziri mkuu kule London alikuwa Winston Churchill. Kuna nyumba ambazo babu alipelekwa kizuizini miaka hiyo. Kulipenda gari la Kiingereza hakukulazimu ubebe na hayo.

Sasa, jina zuri linatoka wapi? Kwangu lilitoka kwenye gari lenyewe. Mjomba alikuwa akinishika kidole na kukipitisha katikati ya boneti, kwenye ule mstari bapa uliotokeza kuanzia kioo hadi puani. Alinieleza kuwa Alec Issigonis, aliyeichora Minor, aliona mwishoni kabisa kwamba gari ni jembamba. Likakatwa katikati kwa urefu, likapanuliwa inchi 4, na mstari ule ndio alama ya nyongeza. Wakati wa kuundwa liliitwa Mosquito, yaani mbu, kisha likatoka 1948 kwa jina la Minor. Kumbe hata wenyewe walibadilisha jina.

Halafu kuna mlio. Ukiteremka Museum Hill na ukaondoa mguu kwenye mafuta, ekzosi ya Minor hutoa sauti ya midomo inayopulizwa: b-b-b-b, kisha inalainika mwishoni ukifika tambarare. Nilikaa na sauti hiyo wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi. Nilitaka jina lenye b katikati na mwisho laini. Ndivyo nilivyofika kwa Mabel, jina lililopendwa sana Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Na halimsumbui mtu kinywani: fundi akisema Mabeli, bado ni lilelile. Hilo ni muhimu, maana gari la zamani litaitwa na mafundi zaidi kuliko utakavyoliita wewe. Geoffrey au Penelope yatakatwa vipande kabla ya wiki kuisha.

Kwa Mini yako ningekushauri Alec. Aliyeichora ni Issigonis huyohuyo, ikatoka 1959, injini imewekwa kukingama upana wa gari ili watu wanne waenee kwenye gari lisilozidi mita 3 kwa kiasi cha kutaja. Jina ni fupi kama gari. Tena Issigonis mwenyewe alizaliwa Smyrna, mji unaoitwa sasa Izmir, kule Uturuki, mwaka 1906, kwa hiyo ni jina la Kiingereza lililobebwa na mtu aliyetoka mbali, na mimi naliona linakaa vizuri hapa kwetu. Lakini liendeshe mwezi mmoja kwanza bila jina. Lisikie asubuhi ya Julai ukivuta choki.

Utajua jina limeshika kwa herufi moja tu. Fundi wangu alizoea kunipigia na kusema, "Gari imekataa kuwaka." Nilimwambia jina mara moja, sikumkumbusha tena. Miezi miwili baadaye, mvua ilikuwa imeingia kwenye distributa, akaikausha asubuhi nzima, kisha akaniandikia ujumbe: "Mabeli ameamka. Kuja umchukue."