Maswali na majibu: Ukipita Mikumi

Basi la Iringa linakatiza katikati ya hifadhi. Abiria tunatakiwa kulipa kiingilio?

Mkibaki kwenye lami, hapana. Mkikata kona kuingia getini, mnalipa.

Nyani wamejipanga kando ya barabara wakisubiri ndizi. Kuwarushia moja kuna ubaya gani?

Swali hili tena! Nyani hakuzaliwa anajua dirisha la basi, amefundishwa na abiria. Ganda likianguka kundi zima linashuka, watoto wamening'inia tumboni, na nyuma ya basi lenu kuna lori. Anayekufa hapo huwaita fisi usiku, na fisi naye anagongwa juu ya mzoga. Taka zako kaa nazo mpaka stendi.

Usiku barabara ni tupu. Kwa nini tutambae?

Si tupu. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye lami hunywesha majani ya pembeni, yanachipua laini, na swala pala na nyati wanayafuata. Piga hesabu: spidi 80 ni mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke, ukanyage breki na gari dogo lisimame, mita 50 zimekwisha. Lori lenye shehena linataka zaidi. Taa za chini hazikuhakikishii umbali huo. Tembo ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu macho yake yako juu ya mwanga wa taa, hayang'ai. Unachokiona ni giza zito zaidi mbele ya giza. Akivuka mmoja usiondoke wala usipige honi, huenda ndama yuko nyuma. Na ukigonga mnyama kuna faini, kila aina na yake.

Mbuga ya Mikumi inafaa mwezi gani?

Ni hifadhi, ndugu yangu. Mbuga ni uwanda wa udongo mweusi kama ule wa Mkata, humo ndani ya Mikumi, na jibu lako limo humo humo. Machi hadi Mei udongo huo unafura na kunata. Hata gari la fowili linazama hadi ekseli. Juni hadi Oktoba unakauka na kupasuka nyufa, wanyama wanabanana mabwawani. Nenda Septemba.

Nyumbu wa Mikumi wanahama kama wa Serengeti?

Hapana.

Niliona nyasi zinaungua mwezi wa sita. Ni majangili?

Si lazima. Askari wa hifadhi huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili moto utambae chini na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa Oktoba ndio wa kuogopa: nyasi zimekauka kau, ndimi zinafika matawini, na miche ya miombo haiponi. Kuuwasha, kishungi cha sigara kutoka dirishani kinatosha.