Kiwanja cha Nkuhungu bado hakiuzwi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwa fundi cherehani, nikaizima simu nisije nikakujibu kwa hasira. Unauliza ukakae miaka 2 Muhimbili usomee uzamili wa saikolojia tiba, au uende Uingereza kwenye ile kozi ya mwaka 1 waliyokuandikia barua. Na kama ni Uingereza, je, kiwanja cha Nkuhungu kinaweza kuuzwa? Hilo la kiwanja uliliweka chini kabisa, baada ya kuulizia habari za paka. Nililiona.

Nianze na Uingereza kwa kuwa huko ndiko kwenye tarehe ya mwisho. Barua yao haina uongo. Inasema utasoma nadharia, utasoma takwimu, utaandika tasnifu. Nikatafuta mahali walipomtaja mgonjwa, sikupaona. Sasa sikiliza. Kule jina la mwanasaikolojia tiba linalindwa na sheria. Ukijiita hivyo bila kusajiliwa na baraza lao, una kesi. Na njia ya kulipata kwa wanaosomea kwao ni shahada ya udaktari ya miaka 3, ambayo karibu nusu yake mwanafunzi anakuwa kwenye kliniki za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao: leo watu wazima, mwakani watoto, kisha wazee, kisha wenye ulemavu wa akili. Kozi ya mwaka 1, hata ikibeba maneno "saikolojia tiba" kwenye jina lake, haikusajili. Inakusogeza kidogo tu kwenye foleni ya kuomba hiyo ya miaka 3, na foleni yenyewe ni ndefu. Kwa hiyo tungeuza kiwanja, ungerudi na cheti kizuri cha kuweka kwenye fremu, na Waingereza wenyewe wasingekuruhusu kukaa na mgonjwa peke yako. Huku kwetu tungekuita daktari.

Hilo ndilo lililonifanya nizime simu.

Unajua nimekaa wodini miaka 31. Wanafunzi wa uzamili nimewaona wakija na kuondoka, wenye majivuno, wenye woga, na wale wa kujifungia chooni kulia. Nikusimulie mmoja. Kijana msafi, shati limenyooka mpaka linakata. Akapewa mama mmoja mjane wa huko Bahi, aliyeletwa na wanawe kwa kuwa "ameacha kuongea". Kijana akafungua dodoso la kupima huzuni iliyogeuka ugonjwa, lile la maswali 9 unalolijua, kila jibu linaanzia sifuri mpaka tatu. Akasoma: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?

Yule mama akamtazama weee. "Hamu ya nini, baba? Ya mboga?"

Kijana akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, utadhani shida ilikuwa masikio. Mama akasema hapana. Akaandika sifuri. La pili, sifuri. Alipofika la tisa alikuwa na jumla ya alama 2, na mbele yake ameketi mtu aliyekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

Msimamizi wake alikuwa pembeni muda wote, kwenye kile kiti kibovu cha karibu na kabati la dawa, kimya. Akamwomba kijana ruhusa, akasogea. Akauliza habari za mvua. Akauliza mwaka huu wamelima nini. Uwele. Akauliza mbuzi. Kisha akasema, "Na kuku wako, mama, siku hizi anawalisha nani?"

Mama akainama. "Sijui kama wapo."

Hapo ndipo alipoanza kulia, na alilia mpaka chai ya saa nne ikapita. Lilikuwa swali lile lile la kwanza, mwanangu. Kijana hakukaripiwa mbele ya mgonjwa. Jioni, tukiwa tunaandika ripoti, nilimsikia msimamizi akimuuliza kwa upole, "Ile sifuri uliyoandika asubuhi ilikuwa ya nani?"

Ada unayokwenda kulipa ni ya huyo mtu. Dodoso utalipakua bure usiku huu huu. Vitabu kaka yako anakuletea kwenye flashi. Lakini mtu mwenye elimu na subira, wa kukaa kwenye kiti kibovu akutazame unavyokosea, asikunyang'anye mgonjwa mapema na asikuache umuumize, huyo humpakui popote. Ndiyo maana nchi zinazoijua kazi hii hazitosheki na darasa. Afrika Kusini, mtu akishamaliza masomo ya uzamili, bado ana mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo chini ya wakubwa, kisha mwaka mwingine wa utumishi wa jamii, ndipo anaachiwa ajitegemee.

Halafu kuna lugha. Kwa ugonjwa wa yule mama, wataalamu wetu wamelichukua neno sonona, Wakenya wana unyogovu. Yote yanafaa kwenye mtihani. Kwenye benchi la kliniki sikuwahi kumsikia mtu akisema "nimekuja, nina sonona." Utasikia "nina mawazo". Utasikia "kichwa kinawaka moto", "moyo unakwenda mbio", "mwili umechoka tu, dada, sijui ni malaria." Mwingine atakwambia amerogwa na wifi yake, na wewe hutakiwi kukubali wala kucheka, unatakiwa uulize wifi alianza lini. Nenda London ukafundishwe kuuliza maswali kwa Kiingereza kwa watu wanaojibu kwa Kiingereza, kisha uje uanze upya Bahi. Wenzetu wa Kilifi, Kenya, akina Profesa Amina Abubakar na wenzake, waliliona hili kwa watoto wadogo, wakatengeneza kipimo chao cha ukuaji wa mtoto kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kule anavijua. Ukipata nafasi, yasome maandishi yao kabla hujasoma ya Wamarekani.

Ingawa Wamarekani nao usiwadharau. Ulilalamika kwamba hata Muhimbili kuna tasnifu na takwimu, ukauliza zinamsaidia nini mgonjwa. Lawama zako peleka Boulder, Colorado. Baada ya vita vya pili askari walirudi wengi wakiwa wameharibika akili, wa kuwatibu hawakutosha, na mwaka 1949 wakubwa wa fani walikutana huko wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba afundishwe kuwa mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Tangu hapo wanafunzi duniani wanalia na takwimu. Mimi muuguzi sina la kuongeza, ila nimeona dawa na mbinu nyingi zikishangiliwa wodini kisha zikaachwa kimyakimya, na aliyekuwa wa kwanza kusema "hii haifanyi kazi" mara nyingi alikuwa yule mwenye daftari la namba.

Kuhusu kazi baada ya masomo, umeniandikia kwa wasiwasi habari za wale bibi wa Zimbabwe. Ndiyo, nawajua. Daktari Dixon Chibanda alianza nao mwaka 2006: bibi wa mtaani wanafundishwa, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati, wanawasikiliza watu wenye kile wanachokiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wewe umesoma ukaona bibi amekuchukulia ajira. Mimi nimesoma nikajiuliza, bibi akishasikiliza watu sita kwa siku, mmoja kabakwa, mmoja anataka kujiua, jioni yeye anamwambia nani? Nani anamwambia kwamba huyu wa leo si wa benchi, apelekwe hospitali? Kazi yako iko hapo. Utakaa kwenye kiti kibovu nyuma ya bibi. Na hutaweza kukikalia kama hakuna aliyewahi kukikalia kwa ajili yako.

Sasa niseme la mjomba wako, kwa sababu umelitaja kwenye barua ya maombi uliyonitumia nikusahihishie.

Umeandika kwamba unataka kusoma kwa ajili yake. Sitakwambia ulifute. Ila kuna kipande hukijui. Mwaka ule alipofungwa kamba kwa bibi yako Mpwapwa, mimi nilikuwa tayari muuguzi wa wodi ya akili. Nilipata habari Jumatatu. Nikaenda baada ya mwezi. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na wewe mdogo, lakini ukweli ni aibu, mwanangu: niliona nitasemaje kazini kwamba ninayemfuata ni tumbo moja na mimi. Watu mpaka leo wakitaka kutukanana wanaambiana "wewe wa Mirembe", yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mimi muuguzi niliogopa neno hilo hilo. Nilipofika, mikono yake ilikuwa na vidonda.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila kijana aliyeletwa wodini amefungwa, nilimfungua mimi mwenyewe, na mama yake nilimsemea maneno makali. Nilidhani ni bidii ya kazi. Mpaka sista mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, akanivuta pembeni: "Unamfungua kaka yako. Na unayemgombeza si mama wa mgonjwa." Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaanza kuwaandalia chai wale akina mama.

Ukienda kusoma, mjomba utamkuta kwenye kila kitanda. Lazima awepo mtu wa kukwambia. Wewe mwenyewe hutamwona.

Basi. Muhimbili sijasema ni peponi. Utachoka, mshahara wa shirika utaukosa, na mkopo wa Bodi wa shahada ya kwanza hujaumaliza. Sikuahidi pia kwamba watakuchukua. Hilo wanajua wao. Lakini kabla hujajaza fomu yoyote, ya huku au ya kule, nataka uende idarani ukaonane na watu. Wape heshima zao, kisha uliza maswali ya muuguzi. Nani atakaa na mimi chumbani mwezi wa kwanza? Wagonjwa wangu nitawazungumza na nani, na mara ngapi kwa wiki? Nitapita kwa watoto pia, au watu wazima tu? Mgonjwa wangu akifa, ninyi mnafanyaje? Hilo la mwisho usione haya kuliuliza. Aliwahi kuwepo binti aliyefiwa na mgonjwa, akajifungia hosteli siku tatu, na msimamizi wake akaenda mwenyewe kumgongea, akamsindikiza mpaka wodini, wakaingia raundi pamoja. Leo yule binti ana wanafunzi wake. Ukijibiwa vizuri, jaza fomu. Wakianza kukusomea ratiba ya mihadhara, njoo nyumbani tufikirie Nairobi, chuo kikuu chao nacho kinafundisha uzamili huu.

Waingereza waandikie barua ya adabu, uwashukuru. Ukija kupata nafasi ya ile ya miaka 3 siku moja, tutazungumza upya, kiwanja kitakuwepo na bei itakuwa imepanda. Kwa ada ya huku, fungu langu la vikoba linatoka mwezi wa tatu, na kaka yako amesema ataongezea, ingawa alisema akiangalia pembeni.

Ijumaa napanda SGR ya asubuhi, nina arusi Tabata Jumamosi. Omba ruhusa kazini Ijumaa mchana, tutakwenda Muhimbili wote. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, sitaingia. Vaa viatu vya chini, kutembea mle ndani ni kwingi, na uniletee yale madawa ya paka.

Mama yako
Dodoma