Bibi anasahau, tumnyime maharage?

SWALI: Shikamoo dokta. Bibi yetu siku hizi anasahau sana, anatia sukari kwenye mchuzi, juzi katoka kwenda sokoni kapotea hapahapa mtaani. Shangazi anasema karogwa. Mimi nimesoma mtandaoni eti ni protini zinajaa kwenye ubongo, so tumeacha kumpa mayai na maharage. Tuko sawa? Na je inaambukiza? Mjukuu, Mbagala.

JIBU: Marahaba. Kwanza mrudishieni bibi maharage yake leo leo jamani! Protini ya chakula ikifika tumboni inakatwakatwa mpaka inakuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, halafu mwili unaziunga upya kutengeneza protini zake wenyewe. Hizo za ndani ndo zinazosemwa, na shida yake ni umbo. Protini ikishaungwa inajikunja, na vile ilivyojikunja ndo inapata kazi. Cheki ute wa yai, mbichi unateleza na unapitisha mwanga, ukiumwaga kwenye kikaango cha chipsi mayai unakuwa mweupe mgumu, protini ni zilezile ila zimekunjuka zikashikana, na hata uuweke kwenye friji mwaka mzima haurudi kuwa ute. Sasa kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, hakuna moto ila mshikano upo, protini inayoitwa amiloidi beta inagandana nje ya seli za ubongo, nyingine inaitwa tau inajisokota ndani, na seli zinakufa pole pole. Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani, alishayaeleza hayo mabonge mwaka 1906, shangazi asitafute mchawi.

Kuambukiza, hapana. Muogesheni, kuleni naye sahani moja. Protini za kuambukiza zipo kweli, zinaitwa prioni, ndo zilizoleta kuru, ugonjwa wa ubongo unaoua, kule Papua New Guinea kwa watu wa kabila la Wafore waliokuwa wanakula ubongo wa marehemu wao msibani, na ndo za ule ugonjwa wa ng'ombe kichaa wa Uingereza, tena hata kuzipika haziishi. Mwanasayansi Stanley Prusiner alibezwa sana aliposema protini tupu inaambukiza, mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel. Ila hayo hayamhusu bibi.

Na kwani nani kasema ni Alzheimer? Mpelekeni hospitali apimwe, maana UTI, matatizo ya tezi ya thairoidi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata dawa anazomeza, vyote vinaweza kumchanganya mzee hivyohivyo na vinatibika. Alzheimer yenyewe dawa ya kuiponya bado. Mkienda bebeni dawa zake zote, na za kienyeji pia, msimfiche daktari.