Gari lilale kwa fundi: tik-tik ya asubuhi iliyonila dola 420

Jumapili jioni nilikuwa uani naota moto wa babula, jiko letu la makaa, simu ikalia. Mwalimu mmoja kijana wa Likasi amenitumia ujumbe wa sauti. Kwanza anazungumza: "Yaya, jambo. Mutoka yangu iko inapiga tik-tik-tik kila asubuhi. Ku garaji banasema motere imekufa, banaomba dola 900. Nifanye je?" (Kwetu mutoka ni gari, motere ni injini.) Kisha ameisogeza simu kwenye boneti na kuwasha gari.

Niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu machozi yalinilenga. Nilijiona mimi mwenyewe, Juni ya mwaka juzi, mtaani Kalubwe hapa Lubumbashi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kitenge mabegani, nimesimama mbele ya gari langu linalolia sauti ileile, na kesho yake nina safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwalimu nilimjibu kwa kifupi usiku ule: usilipe kitu, ngoja. Leo namjibu kwa urefu hapa, maana najua hayuko peke yake. Ninyi mnaonisoma tunatembea njia moja. Unauza, unaweka, unanunua gari la kwanza, na kichwani tayari una la pili. Kwetu sisi gari ni duka linalotembea. Likifungwa wiki moja, watoto wanaijua wiki hiyo kwenye sahani.

Langu ni Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya cc 1,500, ile inayoandikwa 1NZ-FE. Lilishuka bandarini Dar es Salaam, likapita Tunduma, likaikata Zambia, likaingia Kasumbalesa na usukani wake wa kulia kama ndugu zake wote waliojaa mjini hapa. Nililinunua kwa pesa ya vitenge na mafuta ya kupikia. Hakuna mume wala mjomba aliyeongeza hata franka moja, na ninalisema hilo kila ninapopata nafasi ya kulisema.

Mgeni haamini baridi ya Lubumbashi. Anasikia Kongo, anafikiria joto. Lakini mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndipo tik-tik ilipoanza. Nikiwasha, inalia kwa kasi kama cherehani. Nikifika Kasapa, kimya. Nikifika mjini, gari linaimba vizuri kabisa. Nililala nalo hivyo wiki mbili, kisha nikalipeleka garaji moja kubwa, safi, yenye vijana waliovaa sare. Jina lake silitaji.

Fundi wao mkuu alisikiliza. Alisikiliza nini? Nilikuwa nimeendesha dakika 25 kufika pale. Injini ilikuwa na moto, sauti haipo. Nikamwelezea kwa mdomo, nikamwigia: tik-tik-tik. Vijana wakacheka. Akaniambia, "Mama, hiyo ni oili nyepesi. Tutaweka nzito, itanyamaza." Wakaweka 20W-50. Asubuhi iliyofuata mlio ulikuwa mkali zaidi, na ukadumu zaidi.

Niliporudi, jibu lilikuwa limekwisha kubadilika: tapeti zimekufa, lazima injini ifunguliwe. Nilipouliza tapeti ni nini, alisema, "Mambo ya motere tuachie sisi, mama." Leo najua: ni vipande vidogo vya chuma vinavyosukuma valvu, milango midogo ya hewa na moshi ndani ya injini. Gari lilikaa pale siku 11. Nilikosa safari mbili za Kasumbalesa, na mteja mmoja mkubwa alihamia kwa mwingine, hadi leo hajarudi. Fakture, yaani ankara yao, ilisema tapeti za haidroliki (zile zinazojazwa oili) 16, gasketi, oili na kazi: dola 420. Nililipa. Asubuhi ya kwanza nyumbani, nyuzi labda 8, nikawasha. Tik-tik-tik-tik.

Nilikaa ndani ya gari nikalia. Kisha nilirudi kulalamika, nikaambiwa ni mlio wa kawaida wa gari la zamani, nizoee.

Aliyeniponya ni mzee mmoja wa Katuba, aliyetumia ujana wake kwenye injini za treni. Garaji yake ni mwembe na kipande cha bati. Nilimweleza habari yote. Hakufungua boneti. Aliniuliza swali moja tu: "Inalia ikiwa baridi?" Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema, "Basi rudi nyumbani na taksi, binti yangu. Mutoka ilale hapa. Nataka kuisikia kabla haijaamka."

Yote ninayotaka kukuambia leo yamo katika maneno hayo. Ugonjwa wa alfajiri haupimwi saa nne. Ukimpelekea fundi gari lenye moto, unampelekea mgonjwa aliyepona njiani, naye atabahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe.

Kesho yake nilifika kabla jua halijatoka. Mzee alichomoa kijiti cha oili kwanza, akaangalia kiwango, akaisugua oili kati ya vidole. Akatikisa kichwa kwa ile 20W-50. Alinifundisha jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalisoma kwenye kopo bila kulielewa: nambari iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili inakwenda upesi. Gari likilala usiku kucha, oili hushuka kwenye bakuli lililo chini ya injini, na unapowasha, pampu inapaswa kuirudisha juu kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu, na kwenye valvu zenyewe, zile garaji zetu huziita supape. Oili nzito kwenye baridi inachelewa kupanda. Kwa hiyo ile dawa ya kwanza niliyouziwa ilikuwa inaisaga injini yangu kila alfajiri.

Kisha aliniambia niwashe, naye akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na mlio haujapungua, akasema, "Hii si oili iliyochelewa." Akachomoa waya wa koili, ile inayotoa cheche, ya silinda ya kwanza, akaurudisha. Ya pili, akarudisha. Alipochomoa wa nne, mlio ulififia, ukawa kama mtu aliyefunikwa mto. Akaurudisha haraka, maana mafuta yasiyoungua hayafai kumwagwa muda mrefu kwenye bomba la moshi. Hakuishia hapo. Alisema pistoni iliyochoka nayo hugonga kwenye baridi, nayo hufifia ukiinyima moto, ingawa mlio wake ni butu zaidi. Alichukua kitambaa kilicholowa, akaubana mdomo wa bomba la moshi kwa sekunde chache. Tik-tik ikawa kali. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kando ya manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, mbali na feni na mkanda. Akanipa nami nisikie. Pale penye silinda ya nne palikuwa panapumua: pf, pf, pf, pf.

Tukazima. Akaondoa bati la kuzuia joto, akamulika kwa simu. Masizi meusi yalikuwa yamechora mstari pembeni mwa gasketi inayoziba kati ya manifoldi na injini. Nati mbili zilikuwa zimelegea na gasketi yenyewe imeliwa. Moshi ulikuwa unatokea pale kwa kishindo kidogo kila silinda inapoutoa, na huo ndio mlio. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajiziba, na mimi nikifika mjini najiona nimepona.

Gasketi mpya, nati mpya, oili 5W-30 na filta nzuri: dola 60. Tangu siku ile, alfajiri gari langu linaamka bila neno.

Lakini kidonda hakijapona, na sababu yake ni hii. Mpwa wangu anayesoma ufundi alinionyesha kitabu cha matengenezo cha injini yangu. 1NZ-FE haina tapeti za haidroliki. Hazipo. Tapeti zake ni vikombe vya chuma kitupu, na nafasi kati yake na kemshafti hupimwa kwa vipande vyembamba vya chuma injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Ikizidi, unabadilisha kikombe kwa chenye unene mwingine. Nililipia vitu 16 ambavyo havijawahi kuwekwa katika injini ya aina hiyo. Fakture ninayo hadi leo, kwenye sanduku moja na cheti changu cha shule. Mzee alizipima zote bure, akakuta ziko sawa. Maana yake hazikuwa na kosa tangu mwanzo.

Basi wewe mwenye tik-tik yako, fanya hivi. Kabla ya fundi yeyote, jipime mwenyewe. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi angalia oili kwenye kijiti. Ikiwa chini ya alama, ongeza kwanza, maana mara nyingine hadithi yote inaishia hapo. Kisha washa na uhesabu sekunde. Mlio ukikatika ndani ya sekunde mbili tatu, ni oili inapanda. Kama haukuwepo mwaka jana, itazame filta. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili isirudi chini gari likilala, na zile za bei ya chee mpira wake hukakamaa mapema. Kama ni mkwaruzo wa mnyororo unaosikika ubavuni mwa injini pale unapowasha tu, mwambie fundi neno "kikaza cheni", kwa sababu nacho kinasukumwa na oili. Mlio ukidumu dakika mbili tatu kisha ukafa polepole, tafuta masizi kwenye ekzosi kabla ya kuruhusu mtu yeyote afungue kifuniko cha valvu. Usiponyamaza hata injini ikiwa na moto, hapo ndipo valvu zipimwe. Na ukisikia kugonga kuzito kutoka chini, au taa nyekundu ya oili ikikataa kuzimika, zima palepale, piga simu, usiendeshe hata hadi kwenye kona.

Na hesabu hizo zote ziandike. Nambari haichekwi. Ukimwambia fundi "inalia asubuhi", anakuona mama wa sokoni. Ukimwambia "inalia dakika mbili na nusu, inazidi nikikanyaga mafuta, inafifia ikipata moto", anakaa sawa. Nimeyaona macho yao yakibadilika. Wasichana hasa, sikieni: hakuna siri ya motere iliyoandikwa kwa ajili ya wanaume. Muulize hicho ni nini, kiko wapi, nionyeshe. Akikataa kukuonyesha, chukua ufunguo wako uondoke. Gari ni lako, jasho ni lako, swali ni haki yako.

Kuna jambo jingine ambalo Mzee alilisema kwa ukali, na mimi nalisema kwa ukali vilevile. Ekzosi inayovuja haiharibu masikio tu. Kila baridi ikija, mjini hapa tunazika watu waliolala na babula chumbani, milango imefungwa. Hewa iliyowaua, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Hewa hiyohiyo iko kwenye moshi wa gari, na mvujo wa karibu na injini unaweza kuingia ndani kupitia matundu ya kupasha joto, wakati ule hasa unapofunga vioo kwa sababu ya baridi. Mimi nilikuwa naendesha hivyo na mtoto wangu mdogo kiti cha nyuma, na garaji yenye sare iliniambia nizoee. Usilipashe gari moto ndani ya banda lililofungwa, na kama kichwa kinakuuma kila asubuhi njiani, fungua kioo siku hiyohiyo na utafute masizi.

Namrudia mwalimu wangu wa Likasi. Gari lake si Toyota, na kitabu chake kinaonyesha kwamba injini yake ina tapeti za haidroliki kweli. Kwa hiyo mdogo wangu, garaji yako huenda inasema kweli kuhusu mahali pa mlio, lakini dola 900 ni mbali sana. Tapeti za namna hiyo oili ikizitoka usiku hupiga kelele hadi zijae tena. Badilisha oili kwanza, weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako na si ile ya jirani, pamoja na filta isiyo ya soko la chini. Endesha siku tatu. Halafu Alhamisi jioni liache kwa yule fundi wa pili uliyenitajia, ulale kwa dada yako, na Ijumaa saa kumi na moja na nusu uwe pale naye kabla hajagusa ufunguo. Hesabuni pamoja. Simu yangu itakuwa wazi tangu saa kumi na moja.