Gari linatetemeka kupanda mlima: tatizo ni gia boksi au injini?

Swali: Fundi, nina Toyota IST ya otomatiki, na ninaishi Kimara. Siku hizi gari linatetemeka na kukosa nguvu nikipandisha kutoka Ubungo, na taa ya injini inawaka, mara nyingine inawaka na kuzima. Asubuhi nikiingiza D linachelewa kidogo, kisha linashtuka. Fundi aliyelijaribu amesema gia boksi imekufa, nikanunue nyingine ya mtumba. Nikubali?

Jibu: Usinunue bado, ndugu. Dalili ulizoeleza zinaweza kuwa za matatizo mawili tofauti, na lile linalokusumbua mlimani lina kila sura ya kutoka kwenye injini.

Ukipanda tena, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Gia boksi inapoteleza, mshale hupanda na injini huvuma, lakini mwendo hauongezeki. Injini inapomisi, yaani silinda moja au zaidi ikishindwa kuchoma mafuta, mshale haukimbii hivyo: gari hutetemeka, nguvu hupungua, na ukizidi kukanyaga mafuta mtetemo nao unazidi. Wewe hukutaja kuvuma hata kidogo. Aidha, taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo kwa kawaida hutoa onyo kwamba kuna silinda isiyochoma mafuta, na mafuta hayo ghafi yanakwenda kuungulia ndani ya katalisti, kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi, na kuiharibu. Ikifanya hivyo, punguza mwendo, usilazimishe mlima, na usiendelee na safari ndefu.

Gari lipimwe kwa mashine kabla hakijafunguliwa kitu chochote, na uombe kuonyeshwa namba zenyewe za hitilafu, si maelezo ya mdomo tu. Namba P0300 ina maana kwamba injini inamisi bila silinda moja kuainishwa, ilhali P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe. Tuseme imetoka P0302. Fundi ahamishe koili (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya 2 aiweke kwenye ya 3, afute namba, kisha gari liendeshwe tena. Ikitoka P0303, koili ndiyo mbovu, na umeepuka gharama ya gia boksi kwa kazi ya dakika chache. Namba ikibaki P0302, aendelee na plagi, kisha nozeli, kisha ukandamizaji wa silinda. Namba ya gia boksi nayo ipo: P0700 huashiria kwamba kompyuta ya gia imeona hitilafu, lakini haisemi ni ipi, kwa hiyo peke yake haitoshi kuhukumu gia boksi.

Sasa mshtuko wa asubuhi. Injini ikiwa baridi huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo kuguswa kidogo unapoingiza D si ajabu, na raba za mauntingi zinazoshikilia injini na gia boksi zikichoka mguso huo huwa pigo. Kuchelewa ndiko kunakonitia shaka zaidi, kwa sababu mara nyingi huletwa na oili ya gia boksi kupungua, au sili za ndani kukakamaa hata shinikizo likachelewa kujengeka. Pima oili hiyo injini ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare, ukiwa umepitisha gia zote na kurudi P bila kuzima injini. Kisha chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe, uisome. Dondoshea oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu safi ni njema. Ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba sahani za klachi zimeanza kulika. Ikiwa na rangi ya waridi yenye povu kama maziwa, maji yameingia, na hapo gari lisiendeshwe kabisa.

Hilo la maji nalisisitiza kwa sababu ya mji wetu. Katika magari mengi ya otomatiki oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, na wenye magari wengi hapa Dar es Salaam hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulenti, mpaka kipoza oili kinatoboka kwa ndani na maji na oili vikachanganyika. Wanaokatisha maji ya mafuriko pale Jangwani wakati wa masika nao huyaingiza kupitia tundu la kupumulia la gia boksi. Maji hulegeza gundi inayoshika sahani za klachi, na kubadilisha oili peke yake hakurudishi gundi hiyo.

Kama oili imepungua tu au imechakaa, tafuta panapovuja kwanza, kisha tumia aina iliyoandikwa kwenye stiki au kwenye kitabu cha gari. Kumwaga mara moja hakutoi oili yote, kwa kuwa nyingine hubaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi, kwa hiyo rudia baada ya siku kadhaa. Kwa gari lililokaa miaka mingi bila kubadilishwa oili, njia hii ya polepole naiamini kuliko kuisukuma yote kwa mashine. Na msomaji mwenye gari la CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida) asikubali kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, kwani mkanda wa chuma wa ndani utateleza na kuharibika.

Yote hayo yakifanyika na mshale bado unapanda bila gari kuongeza mwendo likiwa la moto, hapo zungumza na fundi wako habari ya gia boksi. Ukifika dukani Ilala au Gerezani, hakikisha gia boksi inalingana na namba ya modeli ya gari lako na ya injini yake, dai kuona oili iliyobaki ndani ya gia boksi hiyo, na uandikiwe risiti yenye muda wa majaribio.