Pombe kutibu sumu ya pombe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Darasani tulipima kasi ya kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Tulipoongeza sabstreti, yaani kitu ambacho kimeng'enya hukibadilisha, mchoro wa kasi ulipanda, kisha ukalala. Tukaambiwa pia kuna kizuizi, kitu kinachokizuia kimeng'enya kufanya kazi, ambacho hushindwa sabstreti ikizidi. Sasa mjomba anasema aliyekunywa waragi, ile pombe kali ya kwetu Uganda, yenye methanoli, aina ya alikoholi isiyofaa kunywewa, hupewa pombe hospitalini. Inawezekanaje?
Mwanafunzi wa S6, Tororo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba amesema kweli, na jibu liko kwenye mchoro wenu.

Methanoli yenyewe haina sumu kali. Balaa huanzia kwenye ini, ambako kimeng'enya kiitwacho alikoholi dihaidrojenesi huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha hiyo ikawa asidi ya fomiki. Asidi hiyo hupofusha. Jirani yangu hapa Jinja aliamka akiomba aondolewe chandarua usoni. Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo juu ya kitanda.

Vimeng'enya vina idadi yake. Vyote vikishashika kazi, hata umwage sabstreti debe zima, kasi haipandi. Ndiyo maana mchoro wenu ulilala. Ethanoli, yaani pombe ya kawaida, hugombea mahali pale pale pa kushikwa, na kimeng'enya hiki huipenda mara 10 hadi 20 kuliko methanoli. Daktari akiifikisha miligramu 100 hivi kwa kila mililita 100 za damu, methanoli hukosa nafasi, ikatolewa polepole kwa pumzi na mkojo, au haraka kwa mashine ya kusafisha damu. Ipo pia dawa iitwayo fomepizoli, inayoziba nafasi hiyo bila kulewesha, nami ningeichagua hiyo kila inapopatikana.

Ila ethanoli ikipungua damuni, methanoli iliyobaki hurudi kwenye nafasi yake. Ndicho kizuizi mlichoambiwa: anayeshinda ni mwenye wingi na mshiko. Kwa hiyo dozi hupimwa na kupimwa tena. Usijaribu nyumbani, nakusihi. Chupa ya pili huenda ina methanoli ile ile.

Hapo pia utaona kwa nini waragi iliyochanganywa hudanganya. Ethanoli iliyomo hukishughulisha kimeng'enya kwanza, dalili zikachelewa saa 12 hadi 24 au zaidi, mtu akadhani amesalimika. Mwaka 2010 waragi ya namna hiyo iliua makumi ya watu Kabale.

Asidi ikishajaa, nayo huziba kimeng'enya kingine, kile kinachotumia oksijeni ndani ya seli. Hapo ethanoli haiondoi kilichokwisha kutengenezwa. Jirani yangu alifikishwa hospitali siku ya pili. Alipona, lakini leo mjukuu wake humshika mkono kwenda msikitini.