Nimeacha Ngano na Nimepata Nafuu: Je, Bado Niende Kwenye Kipimo cha Kamera?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, ninaishi Uyole, Mbeya. Kwa mwaka mmoja na nusu nilisumbuliwa na tumbo kujaa gesi, kuharisha mara kwa mara na uchovu, na damu yangu haikupanda ingawa nilimeza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mingi. Baadaye nilipimwa nikaambiwa kwamba kingamwili (chembe za kinga katika damu) za ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo huumizwa na ngano, zimezidi kidogo kiwango cha kawaida, na daktari akanishauri nipimwe utumbo kwa kamera na kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya utumbo cha kupimwa. Niliogopa. Nikaacha chapati, maandazi na mkate, na sasa ni mwezi wa tatu nina nafuu kubwa. Kaka yangu anasema nafuu hiyo ndiyo jibu, nisipoteze fedha. Nifanye nini?

Mama wa Uyole

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuumwa muda mrefu kiasi hicho. Ninaelewa kwa nini maneno ya kaka yako yanakuvutia, lakini ushauri wangu ni kwamba ukafanyiwe kipimo hicho, na kwamba usikifanye wiki hii wala wiki ijayo, kwa sababu nitakayoieleza.

Nafuu uliyoipata ni ya kweli, ila haitoshi kutaja ugonjwa. Ngano ina gluteni, ambayo ndiyo protini inayowadhuru wenye seliaki, lakini ina pia aina ya wanga unaochacha tumboni na kuleta gesi kwa watu wengi ambao utumbo wao hauna kasoro yoyote. Aliyeacha chapati na maandazi ameacha pia mafuta mengi ya kukaangia. Kwa hiyo mtu mwenye seliaki na mtu asiye nayo wanaweza wote wawili kuacha ngano na wote wawili wakapata nafuu.

Kinachonifanya nilichukulie jambo lako kwa uzito ni ile damu isiyopanda. Katika seliaki, kinga ya mwili inashambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, na vile vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula vinasinyaa na kulala. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo huo, mahali penyewe panapoumia kwanza, ndiyo maana vidonge vinamezwa na damu inabaki palepale. Hata hivyo, hapa kwetu ziko sababu nyingine za kawaida zaidi: minyoo ya safura, giadia (vijidudu vya tumboni vinavyoharisha), hedhi nzito, vidonda vya tumbo, VVU na kifua kikuu cha tumbo. Kama hujapimwa choo, anza na hicho, kwa kuwa ni kipimo cha gharama ndogo.

Kuhusu majibu yako ya damu, neno "kidogo" lina maana kubwa. Kingamwili zinapozidi kiwango cha juu cha kawaida mara 10 au zaidi, uwezekano wa seliaki ni mkubwa kiasi kwamba kwa watoto madaktari wanaweza kuuthibitisha kwa kipimo cha pili cha damu bila kukata kinyama. Kwa mtu mzima ambaye zimezidi kidogo tu, ongezeko hilo linaweza kutokana na maradhi mengine, yakiwemo ya ini, na hapo kinyama ndicho kinachotenganisha mambo.

Sasa sababu ya kutokimbilia. Ukipimwa leo, baada ya miezi mitatu bila ngano, kingamwili zinaweza kuwa zimeshuka na utumbo umeanza kupona, ukaambiwa huna ugonjwa ambao unao. Inakubidi urudie kula ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa muda wa wiki 6 hivi kabla ya kipimo: kwa mfano andazi asubuhi na chapati jioni. Chapati ya Jumapili peke yake haitoshi, maana ugali wa mahindi, wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu na viazi havina gluteni hata chembe. Ukizidiwa, usijilazimishe kimyakimya. Mwambie daktari, kwani muda unaweza kufupishwa. Ukiwa mjamzito, mwambie kabla ya kuanza. Upo pia uchunguzi wa vinasaba, ambao mtu akikosa vinasaba husika seliaki karibu inaondolewa kabisa, lakini akiwa navyo haithibitishi kitu, kwa kuwa watu wengi wazima wa afya wanavyo.

Kipimo chenyewe hakiogopeshi kama jina lake. Utafunga kula kuanzia usiku, utapuliziwa dawa ya ganzi kooni au utapewa ya usingizi mwepesi, na kazi huchukua dakika chache. Vinyama vikikatwa hutasikia maumivu. Omba vikatwe angalau vinne, na kimoja au viwili zaidi pale utumbo unapoanzia, kwa sababu madhara huwa ya mabaka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima.

Ninasisitiza haya kwa sababu seliaki haina dawa isipokuwa kuacha gluteni maisha yote, na kuacha huko ni zaidi ya kukataa chapati. Unga wa uji wa lishe mara nyingi umechanganywa na ngano, mashine ya kusaga hubakiza unga wa mteja aliyetangulia, na bia hutengenezwa kwa shayiri, ambayo nayo ina gluteni. Hakuna anayeweza kubeba masharti hayo miaka 40 kwa kukisia. Tena una watoto: takriban ndugu wa damu wa karibu mmoja kati ya 10 wa mwenye seliaki naye huwa nayo, kwa hiyo jibu lako litaamua kama nao wapimwe.

Rudi kwa daktari wako na karatasi ya majibu ya kwanza, mtajie tarehe uliyoacha ngano, na uulize bima yako inalipia nini. Panga kwanza tarehe ya kamera, kisha hesabu wiki nyuma ujue lini uanze kula, na ukishaanza usiache mpaka siku ya kipimo ipite.